Shimo la Alhamisi

Saa nne kamili asubuhi Fundi alibisha hodi. Profesa, aliyekuwa akiupitia mhadhara wake kwa mara ya tisa, akajikuta anaweka nywele sawa kabla ya kusema karibu. Kila Alhamisi ilikuwa hivyo. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye ofisi yake na kabati lake la vitabu, na bado mkono ulikuwa unakwenda kichwani wenyewe kama wa msichana anayesubiri barua.

Lakini aliyeingia leo hakuwa Fundi wa Alhamisi. Fundi wa Alhamisi huingia shati limenyooka, viatu vinang'aa, ananukia sabuni mpaka chumba kinabadilika. Huyu alikuwa ndani ya ovaroli, buti zimejaa tope, jasho limemkaukia shingoni. Kilichokuwa kilekile ni karatasi mkononi, imeviringishwa na kufungwa kwa uzi.

"Hujambo, Mwalimu?"

Tangu barua ya kupandishwa cheo itoke, chuo kizima kilikuwa kimehamia kwenye "Profesa". Fundi peke yake alibaki na "Mwalimu", na mwenye cheo aliipenda hiyo kuliko ile nyingine, ingawa hakuwahi kumwambia.

"Sijambo. Vipi, umetoka kuchimba mtaro? Mhadhara ni leo saa tisa, unajua. Na mama yangu anakuja."

"Najua. Fungua karatasi kwanza."

Miaka kumi na moja Fundi alikuwa akimletea karatasi hizo. Juu ya kilima, nje ya mji, palikuwa na tangi la maji, na kando ya tangi kibanda chenye kipimo cha presha kilichochora mstari chenyewe, usiku na mchana. Fundi ndiye aliyekilinda kituo. Yeye Profesa ndiye aliyeisoma ile mistari. Hisabati tumizi ndiyo ilikuwa kazi yake, na mama yake alizoea kuwaeleza majirani kwamba hizo ni hesabu zilizochoka kukaa darasani zikavaa viatu zikatoka nje.

Akafungua uzi, akaitandaza karatasi juu ya meza, akaikalisha kwa kikombe upande mmoja na kwa kiwiko upande wa pili. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mstari ulipanda na kushuka kwa adabu zake za siku zote. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kidole chake kikafika Alhamisi, saa tatu asubuhi, kikasimama.

"Shimo liko wapi?"

Fundi akaketi kwenye kiti cha wageni, akavua kofia.

Hapo inafaa tuelewane. Kila Alhamisi, saa tatu asubuhi, presha ya maji kilimani ilikuwa ikianguka ghafla, ikakaa chini nusu saa, kisha ikarudi juu. Wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka. Profesa aliliita shimo la Alhamisi. Alilitafutia sababu miaka mitatu, mpaka akatunga nadharia kwamba maji yana mwangwi: pampu zikiwashwa upya mwanzo wa wiki, mawimbi hutembea kwenye mabomba yote ya mji, hugonga ncha zake, na hukutana tena kilimani siku ya nne. Ilikuwa nadharia nzuri mno. Jarida kubwa la ng'ambo liliichapisha. Iliyompandisha kuwa mhadhiri mwandamizi ni hiyo, iliyompandisha tena ni hiyo, na leo saa tisa, mbele ya ukumbi mzima, angetoa mhadhara wake wa uprofesa, na jina la mhadhara lilikuwa hilo hilo.

"Kipimo kimeharibika?"

"Kipimo ni kizima."

"Sasa?"

"Sasa leo sikuoga."

Profesa alimtazama, akangoja sentensi iliyobaki, maana hiyo haikuwa na kichwa wala miguu.

"Nyuma ya kile kibanda pana bomba nene la kutolea tope," Fundi akasema. "Kazi yangu inanitaka nilifungue mara moja kwa wiki, nusu saa, uchafu utoke. Siku nachagua mwenyewe. Nikachagua Alhamisi. Tope likishatoka maji yanakuwa meupe, basi naoga palepale, nasafisha viatu, navaa shati. Halafu nakata karatasi nakuja huku."

"Saa tatu."

"Saa tatu hadi saa tatu na nusu."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita wanacheka, na mmoja alikuwa anaimba vibaya.

"Nilikuuliza," Profesa akasema, sauti imepanda. "Mwaka ule wa kwanza, hapo hapo ulipokaa, nilikuuliza kama kuna kitu kinachokisumbua kipimo siku ya Alhamisi!"

"Uliniuliza kama naigusa mashine kabla ya kukata karatasi. Nikakwambia siigusi. Siigusi mpaka leo, Mwalimu. Hukuniuliza nafanya nini."

"Na mwenyewe hukuona umuhimu wa kuniambia?"

"Ningejuaje? Umeandika miaka yote kwa kizungu na kwa alama. Wiki iliyopita ndiyo umenipa mhadhara kwa Kiswahili, ukasema nisome nikwambie kama mtu asiye na hesabu ataelewa." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye maumivu ya jino. "Nimeelewa. Nilikuwa nimekaa kitandani nimefika ukurasa wa nne, nikaelewa mpaka nikasimama. Nikasema ngoja Alhamisi, nitoe tope Ijumaa, nione."

Profesa akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Hasira yake ilitafuta pa kukaa ikapakosa.

"Miaka kumi na moja ya kazi yangu, Fundi."

"Na yangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Na daftari la kituo. Limeandikwa humo kila wiki, 'nimefungua tope, saa tatu', na sahihi yangu. Lipo mezani pale kibandani, mtu yeyote angeweza kulifunua."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alishawahi kupanda kilimani mara sita kuangalia kipimo. Daftari alikuwa ameliona. Aliliwekea glasi ya maji juu yake.

"Nyamaza mpaka kesho," akasema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akatazama chini. "Leo tu. Mkuu wa Chuo atakuwepo. Mama yangu amenunua nguo mpya. Kesho nitaandika barua kwa jarida, nitajua la kufanya."

"Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza. Hata milele." Fundi alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. "Ila sitakuja saa tisa. Siwezi kukaa pale watu wanapiga makofi kwa ajili ya maji yangu ya kuoga, halafu jioni uniweke mbele ya mama yako nijiite mtu mkweli."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Miaka minne iliyopita, kwenye kiti hicho hicho, Fundi alikuwa amemwomba amuoe. Mke wake wa kwanza alifariki zamani, watoto hawakujaliwa, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mara moja tu, kisha akakaa kimya kama anayesubiri mtungi ujae. Profesa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, ngoja nipate uprofesa kwanza. Kabla ya hapo alikuwa amejiambia ngoja nipate udaktari, na kabla ya hapo shahada ya pili. Maisha yake yote mapenzi yalikuwa yanakaa kwenye benchi nje ya mlango, yanaambiwa yangoje kidogo. Uprofesa ulipokuja, akamwambia Fundi: siku ya mhadhara, jioni, nitakupeleka kwa mama.

"Toka, tafadhali," akasema. "Niache peke yangu."

Akatoka. Buti zake ziliacha alama sakafuni, nne za kuingia na nne za kutoka.

Profesa alifungua kabati la chini, lile la karatasi za zamani. Alijua anachotafuta, na aliomba asikipate. Mwaka wa sita Fundi aliugua wiki mbili, akashikiwa kazi na mwenzake. Karatasi za wiki hizo mbili hazikuwa na shimo Alhamisi. Shimo lilikuwa Jumanne. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe wenye uhakika wote wa dunia, aliandika: *kipimo kibovu, zisitumike.*

Akavuta daftari lake la kwanza kabisa. Humo, kabla ya mwangwi, kabla ya jarida, palikuwa na mlinganyo mfupi aliotunga akiwa bado msichana wa kuazima vitabu, wa kutambua mahali bomba linapovuja kwa kutazama umbo la presha tu. Baadaye alikuwa ameujaribu kwenye karatasi za kwanza za kilimani, nao ukamjibu bila kupepesa: maji yanatoka, nusu saa, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kipimo. Chini yake aliandika: *haiwezekani, hapo hapana bomba.* Kisha akaanza kuurekebisha mlinganyo, kipande juu ya kipande, mpaka ukasema jambo la kupendeza zaidi.

Mlinganyo ulimwona Fundi tangu siku ya kwanza. Uliokuwa na makosa ni moyo wa mwenye mlinganyo. Aliviuliza vipimo, aliwauliza wataalamu wa ng'ambo, na kijana mmoja wa chuo kingine alipoandika kwamba kwao mwangwi hauonekani, alimjibu kwa kiburi kwamba vyombo vyao ni hafifu. Mtu aliyekuwa anashika kipimo kwa mkono wake, anayemkalia mbele kila wiki, hakumuuliza. Kwa nini? Aliligeuza swali hilo huku na huku, na jibu alilolipata halikumpendeza hata kidogo.

"Hodi humu!" Mama yake alikuwa ameshaingia, joho la mhadhara limening'inia mkononi kwenye hanga. "Mwanangu, bado hujavaa? Na huyu aliyetembea na tope ofisini kwako ni nani? Au usiniambie. Nimepishana naye kwenye ngazi, kaniamkia vizuri tu, lakini tope mpaka magotini!"

"Ni yeye, mama."

"Siku kama ya leo!" Mama akatundika joho kwenye mlango, akaanza kulipangusa vumbi lisilokuwepo. "Sikia. Mimi simchukii, Mungu shahidi. Ana heshima. Lakini wewe umesoma mpaka macho yakavaa miwani. Ukikaa naye mezani mtazungumza nini? Nimekuuliza hilo mwaka mzima, hunijibu."

Profesa akaketi. "Nazungumza naye kuliko mtu yeyote. Ila leo nimegundua kuna jambo moja sikuwahi kumuuliza."

"Jambo gani?"

"Utalisikia ukumbini."

"Haya. Mimi nakaa mbele, na kiti cha pembeni yangu nakishikia mtu wa maana. Huyo wako kama anakuja, na akae nyuma huko, asituharibie picha."

Mama alipotoka kwenda kutafuta chai, Profesa alichukua simu. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta nao. Mwishowe akatuma maneno mawili: *Njoo. Nitasema.*

Jibu lilichukua muda. *Sijaoga.*

*Njoo hivyo hivyo.*

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mbele kabisa alikaa Mkuu wa Chuo, na pembeni yake mzee mmoja mwenye fimbo, mwalimu aliyemfundisha Profesa tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini kila mtu alimwogopa bado kwa sababu ya maswali yake. Upande wa pili wa safu hiyo alikaa mama, mkoba wake umewekwa kwenye kiti kitupu. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, Profesa aliona ovaroli. Akazipanga karatasi zake mezani.

Nusu saa ya kwanza alisema alichokuwa amekiandika. Alieleza shimo, alieleza mwangwi, alionyesha michoro. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Kisha akafunika karatasi zake.

"Yote niliyowaambia kuhusu mwangwi," akasema, "si kweli."

Watu wakageukiana.

Akawaonyesha karatasi ya asubuhi ile. Akawaonyesha zile mbili za kalamu nyekundu, akaisoma kwa sauti sentensi yake ya uhakika, na ilimtoka kwa shida. Akawaeleza kuhusu mlinganyo wa daftari la kwanza, ule uliosema hatua kumi na mbili. "Mlinganyo ule ni mzima. Umeshagundua mabomba yanayovuja katika miji kadhaa, na huo nitausimamia mpaka mwisho. Lakini mwangwi nauondoa. Kesho naliandikia jarida. Na kijana aliyenisahihisha nikamdharau, yeye nimemwandikia mchana huu. Aliyegundua kosa si mimi. Ni fundi wa kituo, baada ya kuusoma mhadhara huu mara moja tu. Alikuwepo miaka yote kumjibu yeyote ambaye angemuuliza, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilidhani mwenye kujua ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hawakujua kama inafaa. Mkuu wa Chuo alikuwa anaangalia viatu vyake. Profesa alisimama pale na joho lake, amejivua kila kitu kingine, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi anapumua.

Mzee mwenye fimbo akanyoosha mkono. Watu wakakaa sawa.

"Binti yangu," mzee akasema taratibu, "hilo bomba la tope nimelielewa. Kulifungua mara moja kwa wiki, nimeelewa. Ila takwimu hazipendi kupendelea. Miaka kumi na moja, siku saba za kuchagua, na mtu achague Alhamisi tu? Kwa nini Alhamisi?"

Hilo halikuwa la Profesa kujibu. Akatazama nyuma, na macho yao yakakutana juu ya vichwa mia mbili.

Fundi akasimama. Alijikaza kisabuni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nilikuwa naoga, mzee."

Kicheko kikaanza pembeni kikaenea ukumbi mzima. Mzee hakucheka.

"Siku nyingine ulikuwa huogi?"

"Siku nyingine nilioga nyumbani, ya haraka haraka. Sikuwa na mahali pa kwenda." Akatazama mbele, aliposimama Profesa. "Alhamisi ndiyo siku ya kupeleka karatasi kwa Mwalimu."

Kicheko kikafa chenyewe, kidogo kidogo, kama watu wanavyoshusha sauti wakigundua kuna mtu analala. Profesa alishika kingo za meza. Nusu saa kila wiki, miaka kumi na moja. Alikuwa amelipima shimo hilo kwa usahihi wa ajabu, akalichora, akalipeleka ng'ambo likasomwa na watu wasiomjua. Alijua kina chake, upana wake, dakika lilipoanza na dakika lilipokwisha. Machozi yalimtoka mbele ya Mkuu wa Chuo na hakuyafuta.

Ndipo mama alipogeuka kwenye kiti chake. Alimtazama kwanza yule wa nyuma, kwa muda mrefu, kuanzia kofia hadi buti. Kisha akamgeukia binti yake, na wala hakujisumbua kunong'ona.

"Miaka kumi na moja mwenzako anaoga kwa ajili yako, wewe unamwita shimo?"

Sasa hata Mkuu wa Chuo alicheka. Mama hakuwajali. Aliuchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti kitupu akaupakata.

"Wewe baba," akaita, "njoo ukae huku. Umesimama mno."

Fundi alishuka ngazi za ukumbi na buti zake, tope linadondoka. Alipofika akainama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Angalia nguo yangu mpya tu, usiichafue."

Barua ya jarida ilipelekwa kesho yake. Cheo hakikuondolewa, ingawa palikuwa na kikao kirefu, na wapo waliomsema vibaya korido nzima. Kazi ya miaka mingi ilipungua kurasa. Profesa alijua itamchukua muda kuijenga upya, na alijua pia kwamba safari hii angeanzia kwenye daftari la kituo.

Alhamisi iliyofuata, saa nne kamili, hodi ilibishwa. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, sabuni imetangulia. Fundi akaketi kwenye kiti chake. Profesa akafungua uzi, akatandaza karatasi, na kidole chake kikatembea siku baada ya siku mpaka saa tatu asubuhi.

Shimo lilikuwepo, zuri, la nusu saa.

Akachukua kalamu nyekundu. Pembeni ya shimo, panapoandikwa sababu, aliandika maneno matatu bila haraka, kisha akaigeuza karatasi ili aliyekaa ng'ambo ya meza asome.

*Mchumba wangu anaoga.*

Fundi alisoma. Akasoma tena. Kofia ikamponyoka mikononi, na hakuinama kuiokota.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "hilo neno la kwanza... una uhakika nalo?"

"Mara hii," akajibu, "nimemuuliza anayehusika. Au bado sijamuuliza?"

"Bado."

"Basi nakuuliza."